Usiku ambao bibi aliisubiri simu imalize

Simu ilikuwa juu ya stuli, kando ya kitanda, imeegemezwa kwenye kopo la maji. Kwenye kioo chake duara dogo lilikuwa likizunguka, na kando ya duara kulikuwa na neno moja: Inasubiri.

Bibi naye akasubiri. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili usiku, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Kilosa, mkoani Morogoro. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa amelala ndani ya chandarua, mwili ukichemka. Bibi alikuwa amempa dawa ya kushusha homa na kumfuta kwa kitambaa chenye maji. Kisha akachukua simu ili amrekodie binti yake ujumbe wa sauti, kama alivyofanya kila jioni tangu mtoto aje likizo.

WhatsApp haikufunguka. Badala ya majina na picha alizozizoea, yalitokea maandishi yakisema kwamba toleo la programu hiyo limepitwa na wakati. Chini yake kulikuwa na kitufe. Akakibonyeza. Likaja duka la programu, Play Store. Akabonyeza tena palipoandikwa Sasisha. Duara likaanza kuzunguka.

"Nikasema ngoja imalize," alimwambia binti yake siku mbili baadaye. "Nilijua ikimaliza tu, nitakupata."

Duara lilizunguka mpaka chaji ikaisha.

Tiki moja

Mama wa mtoto huyo anauza katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam. Mtoto wake ana selimundu. Aligundulika akiwa na miezi tisa, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba na yeye kulia usiku mzima. Tangu hapo nyumba yao inaenda kwa ratiba: foliki asidi kila asubuhi, haidroksiyurea kila jioni, maji mengi, sweta wakati wa baridi, kliniki kwa tarehe.

Kumpeleka mtoto wa namna hiyo likizo kijijini si uamuzi wa dakika moja. Mama aliukubali mwezi Juni kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kulazwa. Ya pili, kulikuwa na simu.

Simu hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Aliitumia miaka minne, akanunua nyingine, na ile ya zamani akampa mama yake. Ndivyo simu zinavyosafiri katika familia nyingi: zinaanzia kwa anayefanya kazi mjini, zinaishia kwa mzazi kijijini. Akaweka laini ya bibi, akafungua WhatsApp kwa namba ya bibi, akamfundisha kushikilia alama ya kipaza sauti anapotaka kusema.

Kisha akaipiga picha kadi ya kliniki, ukurasa kwa ukurasa, akazituma picha hizo kwa bibi. Kadi yenyewe akaiacha Dar ndani ya droo, isije ikapotea.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila Jumatatu mama anamnunulia bibi bando la intaneti. Kila jioni bibi anatuma sauti. Dakika za kupiga simu ya kawaida hazikuwekwa kwenye hesabu. Zilikuwa za nini, ikiwa sauti na picha zote zinapita WhatsApp?

Alhamisi ile mama alifika nyumbani saa tatu usiku, hakukuta ujumbe. Akaandika: "Shikamoo mama, mmeshindaje?" Ikabaki tiki moja. Akajua simu haina chaji, maana nyumba ya bibi haina umeme na simu huchajiwa dukani kwa jirani. Ijumaa asubuhi tiki ilikuwa moja. Mchana, moja. Jioni, akiwa amesimama ndani ya daladala ya kwenda Tabata, moyo ulimwenda mbio bila sababu anayoweza kuieleza. Akashuka kabla ya kituo chake, akanunua dakika, akapiga simu ya kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umepiga. Huku simu imegoma tangu jana."

"Mtoto hajambo?"

Bibi alinyamaza kidogo. "Ana homa. Asubuhi ilishuka, sasa imepanda tena. Nimempima na kile kipimajoto chako, kimesema thelathini na tisa."

"Mama, mpeleke hospitali sasa hivi. Usisubiri kitu chochote."

Bibi hakusubiri tena. Ndani ya saa moja bodaboda ilikuwa imewafikisha kituo cha afya. Muuguzi akaomba kadi. Bibi akatoa simu. Picha za kadi zilikuwa ndani ya mazungumzo, na mazungumzo yalikuwa nyuma ya yale maandishi ya toleo lililopitwa na wakati. Ikabidi mama, akiwa amekaa kando ya barabara Dar es Salaam, amsomee muuguzi kila kitu kwa simu: kundi la damu, kiwango cha damu ambacho mtoto huwa nacho akiwa mzima, dawa anazotumia na vipimo vyake.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tatizo lilikuwa maambukizi kwenye mapafu. Mtoto alichomwa sindano za antibiotiki, akalazwa siku nne, akatoka akiwa mzima. Daktari alimwambia mama, bila kumgombeza, kwamba wamebahatika. Usiku mmoja zaidi ungeweza kuwa habari nyingine.

Kwa nini homa hii haisubiri

Kwa mtoto mwingine, homa ya usiku mmoja mara nyingi hupita. Kwa mtoto mwenye selimundu hesabu ni tofauti, na sababu yake ni bandama.

Bandama ni kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Moja ya kazi zake ni kuchuja damu na kukamata bakteria. Kwa watoto wengi wenye selimundu, chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya bandama na kuiharibu katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto anabaki bila chujio hilo. Bakteria ambao mwili wa mtoto mwingine ungewadhibiti wanaweza kuenea kwenye damu ndani ya saa chache.

Ndiyo maana kliniki za selimundu hufundisha kwamba joto likifika 38.5 mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheza, hata kama dawa imeshusha homa. Dawa ya homa hushusha joto tu, haiui bakteria. Mambo mengine yasiyosubiri ni kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, viganja na macho kuwa meupe ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, na mkono au mguu wa upande mmoja kulegea.

Bibi alikuwa ameambiwa sehemu ya mambo haya. Lakini kwa miaka yote alikuwa amezoea jambo moja: kikitokea kitu, muulize kwanza mama wa mtoto. Mama naye alilipenda hilo, lilimpa utulivu akiwa mbali. Akiwa kwenye benchi la wodini Jumamosi, ndipo alipoona kosa lake. Alimfundisha mama yake kuuliza. Hakumfundisha kuondoka.

Kibandani

Jumapili, mtoto alipoanza kunywa uji, mama aliichukua simu akaenda nayo sokoni.

Fundi wa kwanza aliibonyeza mara tatu, akairudisha. "Hii iflashiwe tu. Elfu kumi na tano." Mama alitaka kukubali. Kwa bahati alikumbuka kuuliza picha zitakwenda wapi. Fundi akamjibu kwamba kuflashi ni kufuta kila kitu, simu ianze upya. Kisha akatoa pendekezo la pili: amwekee WhatsApp nyingine, ile isiyoisha muda, anayo kwenye memori kadi.

Mama akashukuru, akaondoka. Uamuzi huo ulikuwa mzuri kuliko alivyojua. Matoleo ya WhatsApp yaliyotengenezwa na watu wengine hayasasishwi kupitia Play Store, na wenye WhatsApp huwafungia akaunti wanaoyatumia. Kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo moja la programu iitwayo FMWhatsApp lilikuwa limebeba kirusi kiitwacho Triada, chenye uwezo wa kuingiza programu nyingine kwenye simu bila mwenyewe kujua. Simu yenye picha za mtoto na akaunti ya fedha si ya kujaribishia.

Hatua chache mbele kulikuwa na kibanda cha wakala wa fedha, na ndani yake binti wa miaka ishirini na kitu.

"Dada, usiiflashi," binti akasema. "Tuiangalie kwanza inakataa kwa sababu gani."

Akaigeuzageuza, akaanza kuuliza maswali. Je, nyumbani kwa bibi kuna Wi-Fi? Hakuna. Simu inachajiwa wapi? Dukani. Ikiwa imewashwa au imezimwa? Imezimwa, ili ijae haraka. Akaunti ya Google iliyomo ni ya nani? Mama akafikiri kidogo. Ni yake, ile ya zamani.

Binti akacheka. "Basi hii simu isingejisasisha hata kwa miaka kumi."

Alikuwa sahihi, na alichoeleza baada ya hapo ndicho ambacho wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Tunaposikia kwamba simu inasasisha programu zake yenyewe, tunadhani ni kama saa ya ukutani, inakwenda tu. Kwa kawaida simu za Android husubiri mambo manne yakutane: simu iwe kwenye Wi-Fi, iwe kwenye chaji, iwe haitumiki, na programu inayosasishwa isiwe imefunguliwa kwenye kioo.

Kwa nyumba yenye Wi-Fi na umeme, mambo hayo hukutana kila usiku watu wakiwa wamelala. Mwenye nyumba anaamka kila kitu ni kipya, wala hajui kama kuna kilichofanyika. Kwa nyumba ya bibi hayakutani kamwe. Wi-Fi hakuna. Umeme ni wa dukani, na ukifika simu imezimwa. Simu ikiwashwa, wajukuu wanaitazamia katuni. Kwa hiyo programu zote zilikuwa zimebaki kama zilivyokuwa siku simu ilipotoka Dar, zikizeeka kimyakimya, mpaka moja ikafunga mlango.

Binti akaanza na mpangilio wenyewe. Alifungua Play Store, akagusa picha ndogo ya akaunti juu upande wa kulia, akaingia kwenye mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao. Hapo pana sehemu ya kusasisha programu kiotomatiki. Ilikuwa kwenye Wi-Fi pekee. Mama akataka ibadilishwe iwe mtandao wowote. Binti akamzuia: programu zote zikianza kujisasisha kwa bando la wiki, bando litakwisha siku ya kwanza, na bibi atabaki na simu mpya isiyo na intaneti. Afadhali ibaki hivyo, na mtu asasishe kwa mkono programu mbili au tatu muhimu.

Kitu cha pili kilikuwa nafasi. Simu ilikuwa ya GB 16, na karibu nusu yake imeliwa na mfumo wenyewe. Iliyobaki wazi ilikuwa MB 140. Programu ikitaka kujisasisha huhitaji pa kupakulia faili jipya na pa kulifungulia, hivyo simu iliyojaa huacha kazi njiani, mara nyingine bila kusema kwa nini.

Nini kilikuwa kimeijaza? Picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema. Video za kwaya. Matangazo ya misiba. Video moja ya daktari wa mitandaoni akiuza dawa ya kutibu kila kitu, iliyotumwa na watu watano tofauti. WhatsApp hupakua vitu hivi yenyewe kama haikuzuiwa. Kwa kuwa haikuweza kufunguliwa, binti alizifuta video kubwa kupitia programu ya mafaili ya simu, kisha akaingia kwenye tupio na kulimwaga. Hapo ndipo wengi hukosea: picha iliyofutwa katika simu nyingi hukaa kwenye tupio kama siku 30 ikiendelea kula nafasi.

Alipokuwa akifuta, alipita kwenye kitu kisicho maua wala kwaya. Ilikuwa picha ya kadi. Kisha nyingine. Kurasa zote za kliniki zilikuwepo kwenye picha za simu muda wote, chini ya asubuhi njema elfu kadhaa. Usiku ule wa Ijumaa muuguzi angeweza kuzisoma bila WhatsApp, kama mtu angejua pa kuzitafuta.

Mama alizitazama, hakusema kitu.

Kitu cha tatu kilikuwa akaunti. Miezi miwili nyuma mama alibadilisha nenosiri lake la Google. Simu ya bibi ilikuwa bado na akaunti ileile kwa nenosiri la zamani, na kwa wiki kadhaa ilikuwa ikileta taarifa juu ya kioo ikiomba mtu aingie upya. Bibi, ambaye hasomi maandishi madogo, alikuwa akiisukuma pembeni kila ilipotokea. Kukiwa na hitilafu ya akaunti, Play Store inaweza kukaa kwenye neno Inasubiri bila kwenda mbele. Mama akaingiza nenosiri jipya na kuthibitisha kwa simu yake ya mkononi. Ingekuwa vigumu kulifanya hilo usiku wa Alhamisi kutoka Dar.

Mengine yalikwenda haraka. Binti alitazama tarehe na saa kama ziko sawa, kwa sababu simu yenye tarehe ya uongo hukataliwa na Play Store, na WhatsApp inaweza kudai imepitwa na wakati hata kama ni mpya. Akazima kiokoa data na kiokoa betri, ambavyo huzuia kazi za chinichini. Akaingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, akaifungua Play Store na kufuta akiba yake. Kitendo hicho hakifuti programu wala picha za mtu, kinaisafisha Play Store tu ili ianze upya.

Akatoa na onyo moja. WhatsApp yenyewe usiiondoe na kuiweka upya kwa haraka, kama wengi wanavyoshauriwa. Kama mazungumzo hayakuhifadhiwa nakala, yataondoka nayo. Na kuirudisha kunahitaji namba ya uthibitisho itakayokuja kwenye laini, kwa hiyo laini iwe hai na iwe karibu.

Mwisho akawasha hotispoti kwenye simu yake, akabonyeza Sasisha kwenye WhatsApp peke yake. Duara likazunguka, mstari ukasogea, asilimia zikapanda. Haikufika hata dakika kumi.

Programu ilipofunguka, simu ilianza kulia mfululizo pale juu ya meza ya kibanda. Zilikuwa meseji za mama mwenyewe. "Shikamoo mama, mmeshindaje?" "Mama mpo?" "Mtoto amekula?" "Mama nijibu." Zote kumi na moja, tangu Alhamisi, ziliingia kwa pamoja mbele ya mwenyewe aliyeziandika.

Mama alimlipa binti elfu tano. Binti akachukua elfu mbili, nyingine akarudisha.

Simu nayo ina kliniki yake

Kama ingekuwa simu ya zamani mno, kazi hiyo yote isingesaidia. Oktoba 2023, WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5.0 au ya juu zaidi, na kadiri miaka inavyokwenda mpaka huo husogezwa. Mzazi anayemrithisha mwenzake simu angalie kwanza namba ya mfumo, kwenye sehemu ya kuhusu simu. Simu iliyofika mwisho wake ni zawadi ya kupiga na kupokea, si ya kubebeshwa afya ya mtu.

Tatizo la kuitegemea simu kwa afya halipo Kilosa peke yake. Februari 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa watu wenye kisukari wanaotumia vifaa vya kupima sukari au kuingiza insulini vinavyofanya kazi pamoja na simu. Mamlaka ilikuwa imepokea taarifa za watu ambao kengele za tahadhari hazikuwafikia au hawakuzisikia kwa sababu ya mipangilio ya simu zao, na baadhi yao huenda walidhurika vibaya kwa sababu hiyo. Watumiaji walishauriwa wakague mipangilio ya kengele angalau mara moja kwa mwezi, na wasiruhusu mfumo endeshi wa simu ujibadilishe wenyewe kabla ya kuhakikisha kwamba programu yao ya afya itafanya kazi na mfumo mpya.

Ukiitazama haraka, habari hiyo ni kinyume cha ya bibi. Kule mabadiliko yaliyojifanya yenyewe yalikuwa hatari, huku yaliyokosa kufanyika ndiyo yaliyoponza. Lakini somo ni moja. Neno kiotomatiki humfanya mtu aache kutazama, na kifaa kinachobeba afya ya mtoto kinahitaji mtu wa kukitazama.

Mama alilichukua somo hilo kama alivyolichukua la kliniki, kwa tarehe. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anampigia mama yake, na kijana wa jirani anaishika simu. Wanaangalia vitu vinne: nafasi iliyobaki, akaunti kama inadai chochote, tarehe na saa, na kama WhatsApp ina toleo jipya. Kama lipo, wanalipakua hapohapo kwa bando, hiyo programu moja tu. Upakuaji wa picha na video wa wenyewe umezimwa. Kazi yote ni kama robo saa.

Kadi ilipofunga safari

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa ndani ya simu.

Kadi ya kliniki haikai tena kwenye droo. Mtoto akisafiri, kadi inasafiri naye ndani ya mfuko wa plastiki, na picha zinabaki kuwa nakala. Bando la bibi sasa ni lile lenye dakika. Ukutani, juu ya kile kitanda, pamebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa ambayo bibi anayasoma bila miwani: joto 38.5, nenda. Chini yake kuna namba ya mwenye bodaboda na namba ya jirani mwenye pikipiki, endapo wa kwanza hapatikani.

Na agizo limegeuzwa. Zamani lilikuwa piga, uliza, kisha nenda. Sasa ni nenda, ukiwa njiani piga.

Likizo ya Desemba mtoto alirudi Kilosa. Wapo ndugu waliomshangaa mama. Yeye aliona kwamba kumnyima mtoto bibi yake si kinga, na kwamba safari hii walikuwa wamejipanga.

Wiki ya pili, usiku wa saa tatu, simu yake iliita. Si WhatsApp, simu ya kawaida. Akasikia upepo na mlio wa pikipiki.

"Mwanangu, usishtuke," bibi akasema kwa sauti ya juu. "Amefika thelathini na nane nukta sita. Tumeshaondoka, tuko hapa darajani. Kadi ninayo."

Ilikuwa homa ya mafua. Mtoto alipimwa, akapewa dawa, akawekwa chini ya uangalizi mpaka asubuhi, akarudishwa nyumbani. Mama hakulala usiku huo. Lakini alipotazama saa, aliona kwamba mama yake alipiga dakika kumi na mbili tu baada ya kipimajoto kutoka kwapani mwa mtoto.